Ulimi Wako, Kalamu ya Mwingine

Mwanamke wa Matemwe mwenye shauri la ndoa hana budi kuvuka kisiwa. Kijiji chake kiko pwani ya mashariki, kinatazamana na Mnemba. Mkokotoni, yaliko makao ya Mkoa wa Kaskazini Unguja na mahakama ya kadhi, iko pwani ya magharibi, inatazamana na Tumbatu. Kwa gari si mwendo wa kutisha. Lakini siku ya kesi haichagui maji. Ikiangukia bamvua, wakati bahari inapokupwa mbali na mashamba ya mwani yanafikika kwa miguu, kwenda mahakamani ni kupoteza siku ya kazi ambayo bahari haitairudisha mpaka bamvua lijalo. Anakwenda hivyo hivyo. Mkobani ana barua ya sheha, na cheti cha ndoa kama kipo. Ubavuni ana ndugu wa kumsindikiza. Wakili hana. Atasema mwenyewe.

Watu wa mjini wakilisikia jambo hili hulisikitikia, wakasema maskini hana fedha za kumlipa wakili. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kusema mwenyewe mbele ya anayehukumu ni desturi ya zamani Unguja, kongwe kuliko jengo lolote la mahakama lililosimama Vuga mjini. Imewahi kuwa heshima. Imewahi kuwa mlango wa kutokea utumwani. Na kuna mwaka mmoja ilipokuwa mtego. Nimeifuata historia hiyo kwa muda, na kila nilipomkuta mtu amesimama peke yake barazani au kizimbani nimejikuta nikiuliza swali lile lile: maneno yake yaliandikwa na nani?

Neno wakili lenyewe si geni kwetu. Pwani hii ililijua kabla ya kuzijua mahakama za Kizungu. Wakili alikuwa mtu unayemtuma: akuozeshee binti nawe uko safarini, akuuzie shamba, akushikie biashara wakati umeingia bara na misafara. Alisimama mahali pa asiyekuwepo. Aliyekuwepo alisema kwa kinywa chake. Katika baraza la Sultani Sayyid Said, na baadaye la mwanawe Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mwenye malalamiko alifika, akatoa salamu, akaeleza. Mashauri ya ndoa na mirathi yalikuwa ya makadhi, Waibadhi na kadhi wao, Mashafii na wao, na asiyeridhika aliweza kupanda mpaka kwa Sultani mwenyewe. Miongoni mwa makadhi wa zama zile alikuwemo Sheikh Ahmed bin Sumeit, mwenye asili ya Ngazija, aliyefariki 1925, mwanachuoni ambaye hadi leo jina lake hutajwa kwa adabu darasani.

Huko mashamba mambo yalikuwa mafupi zaidi. Vijiji vya Wahadimu na Watumbatu vilikuwa na masheha na watu wanne, wazee walioshika mambo ya mji wao: viambo, visima, mipaka ya konde, ugomvi wa mke na mume. Hapakuwa na karatasi. Uamuzi ulikaa vichwani mwa waliokuwepo, na shahidi wake alikuwa kijiji kizima. Uzuri wake ni kwamba aliyekusikiliza alimjua babu yako na mnazi aliokuachia. Ubaya wake ulitoka hapo hapo, kwani aliyekusikiliza alijua pia nani ana nguvu kijijini na nani hana, na mgeni au mjane alikuwa na haki ndogo ya kusikilizwa kuliko mwenye jamaa wengi. Nalisema hili kwa sababu tunapenda kuyapamba mabaraza ya wazee kana kwamba kila aliyeinuka pale aliondoka na haki yake.

Karatasi iliingia kwa kishindo mwaka 1897. Tarehe 6 Aprili, Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyekalishwa kitini na Waingereza baada ya mizinga yao ya Agosti 1896, alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Wengi huikumbuka kama siku ya uhuru, nami nadhani tunakosea tunapoisimulia hivyo. Hakuna mtumwa aliyeamka tarehe 7 akiwa huru. Amri ilisema kwamba tangu siku ile mahakama hazitasimamia tena haki ya bwana juu ya mtumwa wake. Aliyetaka uhuru wake utambuliwe ilimpasa aondoke mwenyewe, aende mahakamani, audai.

Tufikirie maana yake. Mtu aliyechukuliwa mdogo kutoka upande wa Nyasa au Manyema, akakulia chini ya mikarafuu, sasa anatakiwa aliache shamba la bwana wake mchana kweupe, afike mbele ya liwali na ofisa wa Serikali, atamke kwa ulimi wake kwamba yeye ni mtumwa wa fulani na hataki tena kuwa mtumwa. Upande wa Unguja shughuli hizi ziliangaliwa na J. T. Last, aliyewahi kuwa mmisionari. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa aliulizwa maswali. Na maswali hayo hayakuishia kwenye haki yake ya kuwa huru, kwa sababu amri yenyewe ilikuwa na kifungu kilichomtaka aliyeachwa huru aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, ama sivyo angehesabiwa mzururaji. Kwa hiyo aliyekuja kudai nafsi yake alijikuta akihojiwa atalala wapi na atakula nini. Maofisa walitaka karafuu ziendelee kuchumwa. Waliwashawishi wengi wafunge mkataba na mabwana wale wale: kaa hapa hapa, lima sehemu yako, na kwa wiki siku kadhaa ziwe za bwana. Mtu aliingia kuomba uhuru akatoka na mkataba wa kazi uliotiwa alama na kidole chake, maneno yake hakuyaandika yeye wala hakuweza kuyasoma.

Pamoja na hayo yote walikwenda, maelfu yao. Nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyomheshimu aliyetia saini amri. Hawakuwa na wakili, wengine hawakuwa hata na jamaa wa kuwasindikiza, na waliyemshitaki ndiye aliyekuwa akiwalisha. Waliobaki nyuma ni masuria. Amri ya 1897 iliwaacha nje, ikawahesabu kama wake wa nyumbani, na suria hakupewa njia ya kudai uhuru isipokuwa kwa kuthibitisha ukatili. Ilichukua mpaka amri ya 1909 ndipo na wao wakaruhusiwa. Miaka 12 mizima wanawake wale walikuwa na ndimi zao timamu na hakuna mahakama iliyokuwa tayari kuzisikia.

Wakati huo mahakama za Waingereza zilikuwa zimeshaota mizizi mjini. Jengo la Vuga, lenye kuba na matao, alilichora J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyejenga nusu ya majumba ya Serikali ya zama zile kwa kuchanganya sura ya Kiarabu na ya Kihindi. Watu hupita hapo wakalisifu, na kweli linapendeza. Ndani yake kulizungumzwa Kiingereza, na kwa muda mrefu zilitumika kanuni zilizotungwa India: kanuni ya adhabu ya India, kanuni ya madai ya India. Mpagazi wa mtaa wa Ng'ambo aliyeshitakiwa kwa wizi alihukumiwa kwa sheria iliyoandikwa kwa ajili ya nchi ambayo hakuwahi kuiona, kwa lugha asiyoijua, kupitia mkalimani. Wafanyabiashara walikuwa na mavakili wao wa Kihindi na mabarista wao. Mpagazi alikuwa na mkalimani tu.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja, na wenye ardhi wakawapeleka mahakamani. Zama hizo hizo mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuja mjini akiuza vyungu, pamoja na kundi lake walizigeuza habari za mahakamani kuwa nyimbo. 'Kijiti', wimbo uliotokana na mauaji ya mwanamke, ulizungukwa na malalamiko kuhusu jinsi kesi ile ilivyoendeshwa. Hiyo ilikuwa rufaa ya wasiokuwa na rufaa. Kesi iliyopotea Vuga ilisikilizwa upya usiku, barazani, na watu wanaokijua Kiswahili.

Sasa nifike kwenye Mapinduzi, na hapa nitakaa.

Baada ya tarehe 12 Januari 1964 haikushangaza kwamba mahakama za zamani zilionekana ni mali ya wakubwa. Zilikuwa hivyo. Serikali ya Mapinduzi chini ya Sheikh Abeid Amani Karume iliunda Mahakama za Wananchi, zilizoanza kazi 1970. Waliokaa kuhukumu hawakutakiwa wawe wamesomea sheria. Kesi ziliendeshwa kwa Kiswahili. Rufaa zilikomea visiwani, hazikuvuka bahari kwenda kwenye Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki. Na mawakili walizuiwa.

Ukitazama kwa haraka ni kama baraza limerudi. Lugha ni ya mwananchi, hakimu ni mwananchi, na yule msomi wa kukodishwa, aliyewasaidia wenye fedha kuzungusha kesi mpaka maskini achoke, ametolewa nje. Naielewa hamu hiyo, na sehemu yake moja naiunga mkono mpaka leo: mtu ahukumiwe kwa lugha aliyonyonya. Ila baraza la watu wanne halikuwa na gereza wala polisi wa siri. Halikumkamata mtu usiku likamweka ndani miezi kabla ya kumuuliza neno. Kumwondoa wakili pale ambapo mshitaki ni mwanakijiji mwenzio, na kumwondoa pale ambapo mshitaki ni dola, ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Karume aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui, alipokuwa akicheza bao. Aliyemuua, Luteni Humud Mohamed Humud, alikufa pale pale. Kamatakamata iliyofuata iliingia katika nyumba nyingi za Unguja, na zaidi iliwaangukia waliokuwa wafuasi wa chama cha Umma, akiwemo kiongozi wao Abdulrahman Mohamed Babu, ambaye miezi michache kabla alikuwa waziri katika Serikali ya Muungano. Kesi ya uhaini ilifunguliwa Mei 1973 mbele ya Mahakama ya Wananchi. Washitakiwa walikuwa 81. Kati yao 18, Babu akiwa mmojawapo, walikuwa wamefungwa Bara, na Mwalimu Nyerere alikataa kuwaleta Zanzibar. Alikuwa na sababu: mwaka 1969 alikuwa amewarudisha visiwani wanasiasa Abdallah Kassim Hanga na Othman Sharif, na wote wawili waliuawa.

Kwa hiyo 18 wale walishitakiwa, wakasomewa ushahidi na kuhukumiwa hali hawapo. Hawakuwa na wakili, na safari hii hata wao wenyewe hawakuwepo. Ule usemi kwamba mtu atajitetea mwenyewe ulikuwa hauna mtu ndani yake.

Waliokuwepo kizimbani walisimama mbele ya Jaji Mkuu Ali Haji Pandu, na upande wa mashitaka uliongozwa na Mwanasheria Mkuu, Wolfgang Dourado, mwanasheria hodari. Baadhi ya washitakiwa walikiri, na maneno yao yakawa nguzo ya ushahidi dhidi ya wenzao. Yalikuwepo pia maelezo ya kukiri yaliyoandikwa katika vizuizi. Wengine walisimama wakayakana: walisema waliteswa, walitia saini ili mateso yakome. Jina la gereza la Kwa Bamkwe bado linawafanya wazee wa mjini washushe sauti. Ali Sultan Issa, aliyekuwa waziri kabla ya kuwa mshitakiwa katika kesi hii, alimsimulia mwanahistoria G. Thomas Burgess maisha yake, na kitabu kilichotoka 2009 kinasomeka kwa uchungu mwingi kinapofika kwenye kurasa za kifungo.

Mtu wa kawaida afanye nini mbele ya karatasi ya namna ile? Anajua kwamba hakusema vile, au alisema huku anapigwa. Akisimama atasema: si kweli, nilipigwa. Mwendesha mashitaka atauliza: saini hii ni yako? Atajibu: ni yangu. Na hapo amekwisha. Wakili asingeanza hapo. Angeuliza karatasi iliandikwa siku gani, saa ngapi, chumba gani, walikuwepo akina nani, mtu huyu alikuwa ndani kwa siku ngapi kabla ya kuandika, daktari alimwona lini. Angedai kwamba kabla karatasi haijapokewa kuwa ushahidi, mahakama isimame kwanza iamue kama ilitolewa kwa hiari, ile inayoitwa kesi ndani ya kesi. Hayo si maneno ya kuzungusha watu. Ni maswali yaliyopatikana baada ya karne nyingi za binadamu kukirishwa kwa mateso, na mtu aliyetoka kizuizini juzi, mwili unamuuma, hawezi kuyavumbua mwenyewe kizimbani.

Kesi ilichukua mwaka mzima. Mei 1974 hukumu ilitolewa, na wengi walihukumiwa kifo, Babu miongoni mwao, naye yuko gerezani Bara. Kampeni ya kuwatetea ilienea duniani, na mwezi Aprili 1978 Nyerere alimwachia Babu na wenzake. Babu aliishi nje ya nchi miaka iliyofuata, akifundisha na kuandika, akafariki London Agosti 1996.

Kuna jambo la baadaye ambalo hukaa na kesi hii kichwani mwangu. Mwishoni mwa 1984 Dourado, yule yule mwendesha mashitaka, aliwekwa kizuizini kwa sababu ya aliyoyasema kuhusu muundo wa Muungano. Hakufikishwa mbele ya mahakama. Mtu aliyeijua sheria kuliko wengi visiwani hakupata hata kile walichokipata washitakiwa wake, nafasi ya kusimama na kusema.

Mwaka 1985, Katiba mpya ya Zanzibar ya 1984 ilipoanza kufanya kazi ikiwa na sura yake ya haki za binadamu, Mahakama za Wananchi ziliondolewa. Mahakama Kuu, mahakama za mahakimu na mahakama za kadhi zilipata sheria zake mpya, na mawakili wakarudi. Ikaja kesi nyingine ya uhaini, na idadi yake inanikumbusha ile ya kwanza: washitakiwa 18, safari hii wanachama wa Chama cha Wananchi, CUF, waliokamatwa kuanzia mwishoni mwa 1997. Walikaa rumande muda mrefu mno. Lakini walikuwa na mawakili, na mawakili hao waliuliza swali ambalo nadhani hakuna mvuvi, mwalimu wala mwanasiasa ambaye angelipata peke yake usiku selini: je, Zanzibar, ikiwa ndani ya Jamhuri ya Muungano, inaweza kutendewa uhaini? Novemba 2000 Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ilijibu kwamba haiwezi, kwa kuwa si dola kamili. Kesi ilikuwa imekwisha. Nikiulizwa wakili ana faida gani, huitaja hiyo. Kuna maneno ambayo ukweli wako hauyabebi. Yanatoka katika sheria, na lazima awepo anayeijua.

Na kuna wanaoijua sheria ambao huchagua kusema wenyewe. Juni 2025, katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Tundu Lissu wa Chadema, akikabiliwa na shitaka la uhaini, alisema atajitetea mwenyewe, akilalamika kwamba alinyimwa nafasi ya kuzungumza na mawakili wake kwa faragha. Yeye ni wakili aliyewahi kuwa rais wa chama cha mawakili wa Tanganyika. Kwake kusimama peke yake kulikuwa hoja ndani ya kesi. Wale wa 1973 hawakuchagua.

Turudi kaskazini Unguja.

Mahakama ya Kadhi ya Mkokotoni imeandikiwa kitabu kizima. Mtafiti Erin Stiles alikaa hapo kuanzia 1999, akasikiliza kesi moja baada ya nyingine, na kitabu chake kilichotoka 2009 ni katika vichache vinavyoonyesha jinsi mahakama ya shamba inavyofanya kazi siku za kawaida. Alikuta kwamba wanaofungua kesi wengi ni wanawake. Mtu anayedhani mwanamke wa kijijini ni mtu wa kukaa kimya na akae nje ya mlango ule asubuhi moja. Huyu anadai matumizi, mume ameondoka na hatumi kitu. Yule anataka faskhi, kadhi aivunje ndoa. Mwingine amekubali khuluu, arudishe alichopewa ili aachwe, lakini kiasi anachotajiwa anakiona kikubwa. Wanaume nao hufungua kesi, mara nyingi wakitaka mke aliyekwenda kwao arudi nyumbani.

Kabla ya kufika hapo shauri limeshapita kwa wazee wa pande mbili, kisha kwa sheha. Sheha akishindwa kupatanisha ndipo anaandika barua. Ukifika Mkokotoni humkuti kadhi kwanza, unamkuta karani. Na huyu karani, ambaye historia haimtaji kamwe, ndiye ninayemtafuta tangu mwanzo wa habari hii.

Unakaa mbele yake unaeleza. Unaanza mbali, kama watu wote wanavyoanza. Unaanza na mahari, na mama mkwe, na siku mtoto alipougua na hakuna aliyekuja, na yale maneno aliyokwambia mbele ya jirani. Karani anasikiliza, anauliza, anaandika. Anachoandika ni kifupi: ndoa ilifungwa lini, watoto wangapi, matumizi hayakutolewa tangu mwezi fulani, mdai anaiomba mahakama hili na hili. Yale ya mama mkwe hayamo, na maneno ya mbele ya jirani hayamo pia. Stiles aliona pengo hilo baina ya kilichosemwa na kilichoandikwa, kwa sababu ndani, mbele ya kadhi, watu huyarudia yote waliyoyasema mwanzo, na kadhi huyasikiliza. Karani hapotoshi. Anajua lipi mahakama inaweza kuliamulia na lipi ni uchungu tu, na analiweka la kwanza juu ya karatasi ili kesi isimame. Kazi hiyo, katika mahakama nyingine, wangeilipia kwa wakili.

Kwa hiyo si kweli kabisa kwamba yule mwanamke wa Matemwe yuko peke yake. Ana barua ya sheha, ana karani, ana kadhi anayeuliza mwenyewe badala ya kungoja aulizwe, ana wazee walioshuhudia. Tangu 1992 kipo pia Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho Profesa Haroub Othman alikuwa mmoja wa waasisi wake, akakiongoza mpaka alipofariki 2009. Kituo kimefundisha wasaidizi wa sheria wa Unguja na Pemba, watu wa vijijini kwao, wanaojua fomu ipi hujazwa wapi na kesi ya ardhi haipelekwi kwa kadhi. Mwaka 2018 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya msaada wa kisheria, na kazi yao ikatambuliwa.

Nina wasiwasi na ardhi zaidi kuliko ndoa. Mashauri ya ndoa yana njia hii ya zamani, watu wanaijua hatua kwa hatua. Pwani ya Matemwe ina hoteli sasa, na sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 ilikuta viambo ambavyo mipaka yake iko kwenye kumbukumbu za wazee na mizizi ya minazi. Mtu anayesema mwenyewe mbele ya mwenye ramani, hati na mwanasheria kutoka mjini anakaribia kuwa kama yule wa 1897 aliyeulizwa atalala wapi. Hapo msaidizi wa sheria hatoshi. Hapo anatakiwa wakili, na alipwe na Serikali kama mwenye shauri hana.

Lakini asubuhi hii shauri ni la matumizi. Karani amemaliza kuandika. Anaigeuza karatasi, anaisoma kwa sauti tangu juu: jina, kijiji, mwaka wa ndoa, watoto wanne. Mwanamke anasikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha, vidole vyake vimekauka kwa maji ya chumvi na kamba za mwani. Inasomwa kwamba mume hajatoa matumizi tangu Mfunguo Mosi. Anainua mkono.

"Hapo sivyo nilivyosema. Nilisema tangu Ramadhani. Tulifunga hatuna kitu."

Karani anaitazama karatasi, anapiga mstari juu ya neno, anaandika jingine pembeni. Kisha anaisoma tena tangu mwanzo, na safari hii anamsogezea kidau cha wino aweke dole.